Marekani Kushoto, Uhindi Kulia

Kwa miaka mingi nimeanza somo la shirikisho kwa namna moja. Nagawa ubao kwa chaki: kushoto Marekani, kulia Uhindi, na katikati naacha njia nyembamba isiyo na jina. Wanafunzi wanajua ile njia ni ya nani. Wakubwa wao wamekwisha kuwaambia, maana utani wangu umezeeka pamoja nami, na kila kikundi kinachopanda kwenye darasa langu la sheria kinaingia kikiwa tayari kucheka pale ninapotaka kicheke.

Kushoto naeleza kwamba majimbo yalikuwepo kabla ya nchi. Yalikutana, yakabishana, yakakubali kutoa sehemu ya mamlaka yao, na kile ambacho hayakutoa kimebaki chao mpaka leo. Gavana anachaguliwa na watu wa jimbo lake, na rais hawezi kumfukuza hata wakichukiana namna gani. Kulia mambo yanageuka. Uhindi, nchi ilijiweka kwanza, kisha yenyewe ikachora majimbo, ikafuta mengine, ikayachora upya kufuata lugha ambazo watu wanazungumza. Gavana anatumwa kutoka juu. Serikali kuu inaweza, kwa masharti ya katiba, kuiweka kando serikali ya jimbo na kutawala yenyewe kwa muda. Kile ambacho katiba ilisahau kukitaja, Marekani ni cha jimbo, Uhindi ni cha serikali kuu. Nchi mbili kubwa, zote zinapiga kura, zote tunaziita za shirikisho, na ukiziweka ubavu kwa ubavu zinapingana karibu kila mstari.

Halafu nafika katikati. Naweka chaki mezani na kuuliza: barabara ya Uvira ikikatika pale Sange, nani anatengeneza? Wanajibu pamoja kwamba ni Kinshasa, kwa sababu ni barabara ya taifa. Na ile ya kupanda kijijini nyuma ya soko la Mudaka? Hapo wanagawanyika, wengine wanasema jimbo, wengine wanasema mwami, yule mtawala wa jadi. Na ile inayopita mbele ya nyumba yako? Kila mwaka kuna mmoja, sijui wanachaguana namna gani, anayesimama na kusema, "Ile inatengenezwaka na mvua, Maman." Tunacheka wote, kisha nawaambia wafungue katiba yetu waone: kuna mambo ya Kinshasa, kuna mambo ya jimbo, kuna mambo ya wote wawili, orodha tatu kamili, sawasawa na Uhindi. Na walioandika walikwepa neno shirikisho, kama Wahindi walivyolikwepa katika yao. Hapo ndipo somo lilikuwa linanoga.

Tangu mji ubadilike mikono, sichori tena njia ya katikati.

Wanaoshika mji sasa, waasi walioingia na bunduki, wanalipenda lile neno shirikisho. Wanalisema redioni, wanalisema kwenye mikutano ambayo watu wanaitwa nyumba kwa nyumba kuhudhuria. Na Kinshasa, kwa sababu hao wanalipenda, neno lilelile limekuwa la kumtambua msaliti anayetaka kukata nchi vipande. Neno lililokuwa la mtihani likageuka neno la kumkamatia mtu, huku na kule. Somo lenyewe halijafutwa kwenye programu. Hakuna aliyeniambia niache na hakuna aliyeniambia niendelee, basi naendelea, na safu zangu mbili ubaoni, na jicho moja dirishani. Mshahara umekatika siku ileile benki zilipofungwa. Nimechoka, na sitaki kulipamba hilo neno. Nimechoka asubuhi kabla ya kupanda ile ngazi ya Kadutu kwenda chuoni, na jioni nikishuka ni uchovu uleule unashuka nami.

Mwanafunzi ninayetaka kumwelezea alikuwa na mémoire, ile tasnifu ya kumalizia masomo, juu ya habari hiyohiyo. Alichagua kichwa chake wakati mji ulikuwa bado na gavana aliyetumwa kwa njia za kawaida: kulinganisha shirikisho la Marekani na la Uhindi, na funzo gani kwa Kongo. Mimi ndiye nilikuwa mwelekezi wake. Ni mwanamke wa karibu miaka thelathini, mtoto wa Mudaka, mrefu, mwenye sauti ya chini inayolazimisha watu kunyamaza ili wamsikie. Mume wake ni mtumishi wa wizara. Walikuwa wamemhamisha Kinshasa, naye akatangulia ili atafute nyumba kisha amwite. Wakati alipopata nyumba, uwanja wa ndege ulifungwa. Tangu hapo ndoa yao inakaa kwenye simu.

Alinijia ofisini siku moja baada ya masomo, akafunga mlango, jambo ambalo si kawaida yake.

"Maman, bwana yangu alinitelefonia. Anasema kama batu ya kule bakisikia bibi yake anasifu fédéralisme huku Bukavu, kesho haiko na kazi. Labda haiko hata mu nyumba."

"Na kama ukisema ni mbaya?"

"Basi ni huku njo sitalala."

Nilimwambia akae. Ningependa kuandika kwamba nilitafakari kwa kina, lakini jibu nililijua kabla hajamaliza, na nadhani hata yeye alilijua. Kwetu hapa kila tasnifu, iwe juu ya bahari ya kaskazini au juu ya sheria ya Warumi, lazima imalizike na sura ya mapendekezo kwa Kongo. Hakuna kanuni iliyoandikwa. Ni mazoea tu, lakini jopo likikosa hiyo sura linajisikia limekaribishwa nyumbani kwa mtu bila kupewa hata maji. Unaweza kuandika kurasa nyingi juu ya vyura, mwisho utaulizwa vyura hao wanaisaidia namna gani nchi.

"Tutaikata," nikamwambia. "Na ile kipande ya mwisho ya titre, ile ya funzo kwa Kongo, tunaikata pia. Unalinganisha tu. Marekani iko hivi, Uhindi iko hivi, aksanti, unakaa."

"Chapitre ya mwisho yote?"

"Yote."

Alitazama ile sura mezani. Ilikuwa na alama zangu za kalamu nyekundu, nyingi, kwa sababu ndiyo sura niliyoipigania zaidi.

"Maman, ile ingine tatu, kila muntu anaweza kuitoa mu vitabu. Hii njo yangu."

"Najua."

"Jury itasema mémoire haiko na mukia."

"Acha iseme. Batakupunguzia point. Afazali bapunguze point."

Hakulia, na nilimshukuru kwa hilo, maana mimi ningelia. Nilijisikia mtu wa kukata miti ambayo ameipanda mwenyewe. Lakini sikuwa na shaka, na sina hata leo. Kilichokuwa mezani si tasnifu. Ni mwanaume mmoja katika wizara huko Kinshasa na mwanamke mmoja kwenye njia ya kurudi Mudaka, na sentensi moja ya kusifu au ya kulaumu ilitosha kumpoteza mmoja wao.

Ilibaki hatari moja, na hatari hiyo ilikuwa na mvi na miwani. Katika jopo letu tulikuwa watatu: mwenyekiti, mwanaume mfupi ambaye kila siku anakuwa na haraka ya kwenda mahali, mimi mwelekezi, na profesa mzee ambaye alinifundisha mimi mwenyewe na karibu kila mwanasheria wa mji huu. Huyu mzee ana swali moja. Hajawahi kuliacha. Mwanafunzi akimaliza kujieleza, anavua miwani, anaipangusa kwa tai, na kuuliza, "Na siye batu ya hapa, tunabeba nini?" Aliniuliza mimi nilipotetea yangu, nikiwa kijana na jibu refu. Watu wanaandaa jibu la swali hilo kabla ya kuandika utangulizi.

Nilikwenda kwake nyumbani, Nyawera. Nikamkuta anaota jua barazani na blanketi magotini. Nikamweleza yote, mume, wizara, wale wanaotembea mjini. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Papa Prof, tafazali. Ile question yako, kesho usiiulize."

"Nimesikia, mutoto yangu. Sitaiuliza."

Nikamwamini. Alimaanisha, hata sasa naamini alimaanisha.

Anayetoka mbali inafaa ajue kwamba kutetea tasnifu hapa Bukavu si mambo ya watu watatu kwenye chumba. Ni sherehe. Mlango unakuwa wazi na anayetaka anaingia. Familia inashuka kutoka kijijini na vitenge vya aina moja, na maua ya plastiki, na ndizi, na kasiksi, ile pombe ya ndizi, ndani ya bidoni za manjano, na kila mwenye simu anapiga video. Na kuna poda. Matokeo yakitangazwa kwamba mtoto amefaulu, wanammwagia poda nyeupe kichwani, ileile ya kupaka watoto wachanga, mpaka nywele, nyusi na mabega yanapotea. Bila poda, mtu hajafaulu. Mama wa mwanafunzi wangu, anayeuza maharagwe pale soko la Mudaka, alikuwa amekuja na kopo kubwa, amelipakata mapajani tangu asubuhi. Hakuwahi kuhudhuria kitu cha namna hiyo maishani mwake. Nyuma yake walikaa shangazi wawili na majirani kadhaa, wote na kitenge cha bluu chenye ndege wa njano.

Umeme haukuwepo, kwa hiyo picha ambazo mwanafunzi wangu aliandaa kuonyesha ukutani hazikuonekana. Akaeleza yote kwa kichwa tu. Ilinyesha asubuhi ile, watu wote walikuwa na tope mpaka kwenye vifundo, na chumba kilinuka nguo mbichi. Alikuwa amefika kwenye sehemu ya mahakama kuu wakati wanaume wawili walipoingia na kukaa benchi la nyuma. Walivaa kiraia. Mmoja alikuwa na buti za mpira, safi kabisa, bila hata doa. Siku ya tope, buti safi maana yake umeshuka kwenye gari mlangoni, na siku hizi wenye magari mjini tunawajua. Labda walikuwa wajomba wa mtu. Mpaka leo sijui. Niliogopa hata hivyo, nikaanza kugeuza kurasa ambazo sikuzisoma.

Yeye aliwaona pia. Sauti yake haikubadilika. Alieleza kwamba Marekani kila jimbo lina katiba yake na mahakama zake, lakini Uhindi katiba ni moja na mahakama zimepangwa kwenye ngazi moja mpaka juu. Alieleza kwamba pande zote mbili jimbo na serikali kuu vinagombana mwaka mzima, juu ya kodi, juu ya maji, juu ya polisi, na ugomvi unapelekwa mbele ya majaji. Aliyeshindwa ananung'unika, anatii, na anaanza kuandaa ugomvi mwingine. Hakusema neno hata moja juu yetu. Nilikuwa nikimsikiliza na kujivuna kwa namna ambayo inauma, kwa sababu mimi peke yangu nilijua kipande gani hakipo.

Mwenyekiti aliuliza juu ya vitabu vyake. Mimi niliuliza kitu chepesi. Kisha mzee akavua miwani. Nilipoona mkono unakwenda kwenye tai, nilitaka kumgusa chini ya meza, lakini mwenyekiti alikuwa amekaa kati yetu.

"Umelinganisha muzuri," alisema. "Marekani tumesikia. Uhindi tumesikia. Na siye batu ya hapa, tunabeba nini?"

Hakufanya makusudi. Ulimi wake umetembea njia hiyo maisha yake yote, ukaenda wenyewe. Simu zilikuwa juu, zote, zikimtazama yeye mbele. Nyuma, mwenye buti safi aliinama kidogo ili asikie vizuri. Mwanafunzi wangu alinitazama, si kwa lawama, alikuwa anauliza tu afanye nini. Nilimtazama mzee. Mzee aliona ninavyomtazama, akageuka polepole kuona watu nyuma, na hapo akakumbuka. Nilimwona anakumbuka. Uso wake ulishuka. Basi alifanya kitu kimoja tu ambacho mikono yake iliweza: alichukua ile tasnifu mbele yake na kuifunga.

Mama wa mwanafunzi wangu aliona kitabu kimefungwa.

Kanisani kwao padri akifunga kitabu, misa imekwisha. Mzee mwenye mvi amefunga kitabu, watu wamenyamaza, mtoto amesimama. Mama akapiga vigelegele ambavyo vilitufanya sote turuke vitini, shangazi wakajibu, na kabla mtu yeyote hajaelewa alikuwa mbele na kopo lake, anamwaga. Si kidogo kidogo. Alimwaga lote. Poda ikapanda mpaka dari, ikashuka kwenye meza ya jopo, kwenye tai ya mzee, kwenye karatasi za mwenyekiti. Majirani wa Mudaka wakaanza kuimba na kupiga makofi. Mwanafunzi wangu alisimama katikati, mweupe, amefumba macho, na mdomo aliokuwa ameufungua kujibu ukajaa poda.

Kwa kanuni, mwenyekiti alipaswa kupiga meza na kumfukuza yule mama nje. Jopo halijajitenga, alama hazijatolewa, hakuna matokeo ya kusherehekea. Lakini ule mwendo wake wa haraka, ambao umetuudhi miaka yote, siku hiyo ulitusaidia.

"Jury inaenda mu délibération," alisema, tayari yuko mlangoni.

Tulipita kando ya benchi la nyuma. Mwenye buti safi alikuwa anajipangusa koti.

"Question ilikuwa ya muzuri, madame," aliniambia. "Pole, jibu hatukuisikia."

"Batu ya Mudaka njo bako vile, papa. Furaha yao haingojake."

Alitabasamu na mdomo tu. Tuliporudi hawakuwepo.

Kwenye kile chumba kidogo cha kujitenga mzee alikaa akitazama miwani yake, ambayo ilikuwa nyeupe. Mwenyekiti alitaka tumalize upesi. Akasema kazi ni nzuri, haina mkia, tumpunguzie alama kidogo. Nikasema sawa.

"Nilikuwa nimekuahidi," mzee aliniambia mwishowe.

"Imepita, Papa Prof."

"Ile question niliiuliza kila muntu. Na weye nilikuuliza. Sasa kama haiko ile, tutakuwa tunabauliza nini?"

Mwenyekiti akaandika alama. Tukarudi, tukatangaza amefaulu, tena vizuri, na kwa mara ya kwanza katika mji huu nadhani tangazo lilisomwa kwa mtu ambaye alikwisha kuwa mweupe kabla. Kopo lilikuwa tupu. Shangazi mmoja alikung'uta kitenge chake mwenyewe juu ya kichwa cha mtoto, ili angalau kitu kidogo kianguke.

Mama, alipoelezwa alichofanya, alitaka kufa kwa aibu. Alinishika mikono yote miwili mlangoni na kuniomba msamaha, akidhani ameharibu masomo ya mtoto wake mbele ya maprofesa. Nilimwambia hakuharibu kitu. Hakuniamini. Nisingeweza kumweleza pale, na watu wote wale, kwamba kama angengoja hata dakika moja binti yake angelazimika kufungua mdomo.

Video ilizunguka, kama tulivyojua itazunguka. Ilizunguka kwa sababu ya mama na poda yake, watu walicheka kuanzia Minova mpaka Uvira, ikafika Kinshasa. Mkubwa wa kazi wa mume wa mwanafunzi wangu aliiona. Alimwita, akamwonyesha, akamuuliza mke wake alisema nini juu ya shirikisho kwa ajili ya Kongo. Mume akajibu ukweli, hakusema kitu, tazama mwenyewe. Mkubwa alitazama tena mpaka mwisho, akacheka, akamrudisha mezani pake. Kazi anayo bado. Na hapa mjini hakuna aliyekuja kumgongea mkewe mlango. Tulipata tulichokitaka, wote, na nilirudi nyumbani siku hiyo nikalala mchana kutwa na viatu miguuni.

Miezi ikapita. Masomo yakaanza tena, nikachora safu zangu mbili. Darasa ni dogo kuliko zamani, na yule anayesema habari ya mvua hakutokea, labda kwa sababu sikuuliza habari ya barabara. Siku ya Jumamosi moja nilikwenda Mudaka kutafuta maharagwe, na nikamkuta mwanafunzi wangu wa mémoire nyuma ya meza ya mama yake, amefunga kilemba, anapima kwa kopo. Lilikuwa kopo lile la poda, nilitambua kifuniko. Mama hakuwepo, alikuwa amekwenda shambani.

Tulisalimiana kwa furaha ya kweli. Nilimuuliza habari ya Kinshasa. Akasema mume ni mzima, nyumba bado anailipia, njia bado haipo, au ipo lakini inapita kwenye nchi za watu na mipaka mingi, na mwanamke peke yake anaiogopa. Akasema shahada yake pia anaingojea, maana inahitaji sahihi ya watu wa kule. Alisema yote hayo bila kulalamika, akiendelea kupima. Niliona ameanza kuchoka kwa namna ninayoijua, ile ya kwangu, na iliniuma kuiona kwa mtu wa umri wake.

Kisha nikamuuliza. Nilikuwa na swali hilo tangu siku ile.

"Kama mama yako hangemwaga ile poudre, ungejibu nini?"

Aliweka kopo chini.

"Nilikuwa na jibu, Maman. Si ile chapitre yote. Kafupi tu." Akafikiri kidogo jinsi ya kulianza. "Ile inchi mbili haifanane. Moja inaachiliaka province nguvu, ingine inazikamata. Umetufundisha. Lakini mu zote mbili, mwanamuke anaweza kuwa huku, bwana yake kule, na hakuna muntu anamuulizaka iko upande gani."

Kama mwalimu, ningeweza kulitoboa lile jibu. Ningemwambia kuna pembe za Uhindi ambako wanauliza, ningemwambia Marekani nao walipigana wenyewe kwa wenyewe, ningedai maelezo chini ya ukurasa. Sikusema lolote kati ya hayo. Nilikuwa nimesimama mbele ya gunia la maharagwe na machozi yananijia, kwa sababu katika miaka yote ya kugawa ubao sijawahi kupata sentensi ya kuandika pale katikati, na yeye alikuwa nayo mdomoni siku ile, mbele ya watu wote, na sisi wote tulishukuru kwamba ilizibwa na poda.

"Wangekupa point zote," nikamwambia.

Alicheka. Kisha uso wake ukabadilika, akageuka kutazama nyuma yake, upande wa wauza ndizi, kuona kama kuna mtu aliyesimama karibu wakati anasema. Hakukuwa na mtu. Ningeweza kumwambia hivyo kabla hajageuka, maana mimi nilikuwa nimekwisha kutazama.